Madaraka Express: mi nakwambia panda ya asubuhi

Kila mtu akiniuliza treni gani ya Madaraka Express apande kutoka Nairobi kwenda Mombasa namwambia ile ya saa mbili asubuhi, ile inasimama njiani, na ananiangalia ni kama nimemwambia aende na punda. Watu wanataka express. Sawa, ya alasiri inatoka Syokimau, stesheni ya Nairobi, saa tisa na kwa masaa kama matano hivi uko Miritini, stesheni ya Mombasa, lakini ikishapita kumi na mbili na nusu dirishani ni giza tupu unajiona tu sura yako, na ya saa nne usiku ndio usiseme, inakushusha usiku wa manane uanze kutafuta gari.

Ya asubuhi inachukua kama masaa sita, kilomita 470 na kitu. Inapitia Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi mpaka Mariakani, inasimama dakika chache tu kisha hao. Daraja la ekonomi viti vinatazamana na kimeza kiko katikati, kwa hivyo upende usipende utaongea, na wenye wanashuka Voi ndio huwa na stori tamu maana hao si watalii, wanaenda nyumbani.

Ukiweza pata dirisha la mkono wa kulia, anga ikiwa safi Kilimanjaro inajitokeza upande huo. Halafu ukishapita Mtito Andei ni Tsavo sasa, simu zote juu. Ndovu wa huko ni wekundu kwa sababu ya ule udongo wanajipaka, na kwa vile reli iko juu ya tuta unawaona vizuri kabisa. Chini ya tuta waliacha njia za wanyama kupita, na ukibahatika utaona familia nzima imesimama hapo mtoto akiwa katikati ya miguu ya mamake, alafu sekunde mbili washapotea. Kando kuna Mombasa Road, malori yamefuatana, na wewe umekaa tu. Raha sana hiyo.

Kuna watu bado wanaililia ile treni ya zamani, ya reli iliyojengwa 1896 mpaka 1901, iliyoacha kubeba abiria 2017 kabla hii haijazinduliwa tarehe 31 Mei, mkesha wa Siku ya Madaraka. Ile ulikuwa unalala ndani na kufika ni majaliwa. Wenye wanaikumbuka kwa mapenzi ni wale hawakuwa na haraka ya kufika popote.

Nauli ya ekonomi ilipanda 2024 kutoka 1,000 hadi 1,500, na wikendi ndefu tiketi zinaisha mapema so nunua kwa simu ukiwa bado nyumbani. Beba kitambulisho. Fika mapema pia, kwa sababu mizigo inapangwa chini kwa laini, nyote mnarudi nyuma, mbwa anapita akinusa moja moja, na huyo mbwa haharakishwi na mtu. Na ukishuka Miritini usimwambie mtu umefika, town bado ni matatu ingine.