Alikula vizuri, alilala vizuri

Jumapili, usiku

Kuna sentensi moja iliyojaa kwenye madaftari ya zamu ya nyumba wanamosaidiwa watu wenye ulemavu wa akili: "Alikula vizuri, alilala vizuri, hakuna tatizo." Huandikwa na mtu aliyechoka, dakika tano kabla ya kuondoka, na mara nyingi si uongo. Lakini anayeingia zamu hana cha kukifanyia kazi. Hajui huyu ndugu alikula kiasi gani, alishika kijiko mwenyewe au alilishwa, wala mara ya mwisho alipata choo lini.

Naanza na choo makusudi. Wanaokuja kukagua nyumba hizi huangalia sakafu, mapazia na mafaili. Mimi ningeomba kwanza karatasi ya kumbukumbu za choo. Kufunga choo huwapata wengi wa wanaoishi humo, na kumeua watu. Sababu zinajulikana: kukaa sana, maji kidogo, misuli dhaifu, na dawa. Dawa nyingi za magonjwa ya akili, pamoja na zile za kupunguza mate, huufanya utumbo uwe mzito.

Kosa hujengwa hivi. Mtu asiyeongea hajapata choo siku nne. Tumbo linauma, anajipiga kichwani, anasukuma sahani. Daftari linasema "tabia mbaya". Daktari anapigiwa simu kuhusu tabia, tumbo halitajwi, anaongeza dawa ya kumtuliza. Utumbo unazidi kulala. Siku ya sita nguo yake ya ndani inachafuka kwa choo cha majimaji; msaidizi wa usiku anaandika "anaharisha" na kusimamisha dawa ya kulainisha choo. Kumbe yale maji yamepenya tu pembeni mwa donge gumu lililoziba. Kila mmoja amefanya lililoonekana sawa kwenye zamu yake, na mtu anapelekwa hospitali utumbo ukiwa umeziba.

Karatasi moja hulikata kosa hilo mapema: tarehe, saa, kiasi, na umbo kwa chati ya Bristol, yenye aina 1 hadi 7. Aina ya 1 na ya 2 ni choo kigumu, hata kama anakwenda kila siku. Siku isiyo na choo iandikwe "hakuna". Ukiacha nafasi tupu, mwenzako hawezi kujua kama choo hakikutoka au hakuna aliyeandika. Halafu kila mtu awe na mpango wake uliokubaliwa na daktari: ikifika siku ya ngapi, nani apigiwe simu. Tumbo likivimba na kutapika kukaanza, hapo hakuna kuhesabu siku, ni kwenda hospitali.

Ndiyo maana tabia ikibadilika ghafla, maumivu hutafutwa kwanza: tumbo, meno, masikio, mkojo. Dawa ya kutuliza iliyotangulia uchunguzi huo nahesabu ni huduma mbovu, hata nyumba ing'ae namna gani.

Jambo la pili ni gumu kulikemea kwa sababu linafanana na wema: kumfanyia mtu kila kitu. Chai ya asubuhi, msaidizi hodari huitengeneza kwa dakika tatu. Akiitengeneza pamoja na mwenyewe, ni dakika kumi na tano, na hizo ndizo huduma. Ivunje kazi: kujaza birika, kuchukua kikombe, kutia majani, kumimina, sukari, kukoroga. Mikono yake ikitetemeka, maji ya moto anamimina msaidizi. Mengine yote ni yake. Msaada upande ngazi kwa ngazi. Mwambie kwa maneno machache. Asipoanza, onyesha kwa kidole. Bado, anza wewe kidogo akiona. Mwisho kabisa mshike mkono, naye akikubali. Kati ya ngazi na ngazi hesabu kimyakimya hadi kumi. Wengi hukosea hapo: sekunde tatu zikipita wanauliza tena kwa maneno mengine, na yule aliyekuwa bado analitafuna swali la kwanza analazimika kuanza upya.

Ukitaka kupima, kaa sebuleni saa nzima. Kila dakika weka alama: anafanya kitu, anaongeleshwa, au amekaa tu. Utapata alama sitini. Wasaidizi watatu wanaopiga soga wao kwa wao watakupa saa tupu kabisa, kwa hiyo kuongeza watu peke yake si dawa.

Kwa anayepaliwa, "kinywaji kizito" si maelekezo. Andika daraja la uzito wake kwa kipimo cha kimataifa cha IDDSI. Chukua bomba la sindano la mililita 10 lililopendekezwa kwa kipimo hicho, lijaze kinywaji, liachie litiririke sekunde 10: zikibaki mililita kati ya 4 na 8 ni daraja la 2, zikizidi 8 na bado linatiririka ni la 3.

Na ufunguo wa nyumba, ni wa nani? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Ibara ya 19, unampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Kwa vitendo, jina lake liwe kwenye mkataba wa pango, na pango lisifungamanishwe na huduma, ili akiwakataa wanaomhudumia asipoteze nyumba. Msaidizi abishe hodi, asubiri.

Daftari la zamu lingesomeka hivi: "Saa 2:10 asubuhi. Alitia sukari na kukoroga mwenyewe, maji nilimimina mimi. Alikula nusu, iliyobaki akaisukuma, akashika tumbo. Choo: hakuna, siku ya pili. Amekunywa vikombe viwili vya maji. Zamu ya mchana, mtazameni tumbo kabla ya saa 8. Likiwa gumu au akikataa tena chakula, mpigieni muuguzi, msisubiri kesho."