Siku yangu kliniki ya saratani, Malindi

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, saa moja niko kwenye tuktuk. Watu wakisikia nesi wa saratani wanadhani ni kutundika dripu tu halafu ukae.

Saa mbili mpaka saa nne presha, uzito, kutoa damu, basi.

Saa nne na kitu akaingia mzee wa upande wa Lamu na mkewe na shemejiye. Uvimbe uko kwenye rektamu, mwisho wa utumbo karibu na njia ya haja kubwa, ameandikiwa mionzi Mombasa wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na vidonge vya saratani, kapesitabini, asubuhi na jioni siku za mionzi, kisha akae wiki kadhaa ndio apasuliwe. Shemeji hata kiti hakutaka. "Sista, mtu ashadhoofika, mwamchoma miale na tena mwamtilia sumu? Si mumpasue leo yaishe!"

Nikamwambia kaka yangu, keti kwanza. Hii dawa ikifika kwenye uvimbe yageuka fluorourasili, ndiyo dawa yenyewe inayoua seli, na seli ya saratani ikiwa nayo, mionzi ikiipiga yashindwa kujitengeneza tena. Ufaransa walilinganisha, matokeo yakatoka 2006, waliopata mionzi peke yake ugonjwa uliwarudia palepale asilimia 16.5 ndani ya miaka 5, walioongezewa dawa 8.1. Akauliza, kwa hivyo ataishi zaidi? Hapo simdanganyi mtu, nikamwambia la, kwenye utafiti ule maisha hayakurefuka, na madhara makali yalizidi, lakini saratani ikirudi kule chini kwenye nyonga maumivu yake nimeyaona kwa macho yangu na simuombei mtu. Tulizunguka hapohapo mpaka adhuhuri, maswali yaleyale, foleni nje inanung'unika, na siwezi kumkatiza mtu anayemwogopea nduguye.

Mama, mkewe mzee, alikuwa kimya muda wote. Nilipofika kwenye kula kwanza, kumeza ndani ya nusu saa, akihara sana au viganja vikichubuka mpige simu hapohapo, akafungua mkoba akaniuliza, "Na hizi mwanangu?" Warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande, mzee anavimeza kwa sababu ya mguu ulioganda damu. Moyo ulinipasuka, manake zikikutana na kapesitabini damu yaweza kuvuja isikatike.

Kuanzia hapo saa sizijui tena, nilipiga simu kwa daktari haishikwi, napiga, nachoma dripu za wengine, napiga, uji wa asubuhi ndio tumboni. Alasiri imeshaadhiniwa ndio akashika, akasema asianze kidonge hata kimoja mpaka warfarini ibadilishwe iwe sindano. Nikaandika kwa wino mwekundu juu ya faili, nikamrudishia mama maneno mara mbili, na shemeji mwenyewe akayarudia bila kuulizwa.