Betri Imechoka, Mdogo Wangu

Nilipokuwa natengeneza simu, wateja wengi walikuja wakiujua ugonjwa tayari: kioo kimepasuka, sehemu ya kuchajia imelegea, simu imeingia maji. Huyu alilalamika kwamba chaji inaisha kabla ya saa sita mchana na simu inapata moto hata ikiwa mkobani haiguswi. Nikajua ni betri. Kisha akainama karibu na meza, akauliza chini chini, "Dada, mtu anaweza kujua nilipo bila kuniuliza?" Mumewe alikuwa akimrudishia, neno kwa neno, mambo aliyozungumza na mama yake.

Nikaweka kidole mdomoni kumwashiria anyamaze, nikageuza karatasi ya risiti na kuandika: *Tuongee habari za betri tu.*

Basi tukaongea habari za betri, kwa sauti ya kutosha, huku mimi napekua mipangilio. Orodha ya programu ilikuwa na moja iliyojiita huduma ya mfumo, haina hata ikoni. Ilikuwa na ruhusa ya kipaza sauti, mahali, arifa, na ile ya ufikivu, iliyokusudiwa kuwasaidia wasioona, ambayo huiwezesha programu kusoma kila kinachopita kwenye kioo. Ulinzi wa Play Protect, ule wa Google unaokagua programu hatari, ulikuwa umezimwa. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani, haina kile kitone cha kijani kilichokuja na Android 12 mwaka 2021, kinachowaka kipaza sauti kikitumika.

Programu za namna hii kwa kawaida haziingii zenyewe. Mtu huishika simu, huifungua, na dakika chache zinamtosha. Nikaandika: *Nani anajua namba yako ya siri?* Akaandika: *Sina haja ya kumwambia. Hutumia kidole changu nikilala.*

Hapo ndipo hasira zilinipanda, na hazikuwa za mume peke yake. Kufuli zote hizi zimebuniwa kwa kudhani adui ni mgeni wa mbali. Maswali ya kurejesha akaunti yanataka jina la shule ya kwanza, jina la mama, vitu ambavyo mwenye kulala kitanda kimoja nawe anavijua kuliko rafiki zako. Na wauzaji wa programu hizi hujifunika kwa kusema ni za wazazi wanaolinda watoto. Mwaka 2021 tume ya biashara ya Marekani iliipiga marufuku kampuni ya SpyFone isifanye tena biashara ya upelelezi, ikaiagiza iwaarifu waliopelelezwa bila kujua. Hii niliyoiona ilikuwa na jina jingine. Majina hayaishi.

Mafundi wenzangu wangeiflashi hapo hapo, yaani wafute kila kitu na kuweka mfumo upya, wapokee hela, mteja aende. Lakini anayesikiliza angeona kimya ghafla, na jioni ileile yule dada angerudi mlango uleule. Ushahidi nao ungefutika. Nikamwandikia yote mawili, nikamwachia kalamu. Yeye ndiye aliyemjua yule mwanamume, mimi nilijua mashine tu.

Alifikiri kwa muda mrefu. Akaandika: *Iache.*

Nikapiga picha kila ukurasa wa ruhusa kwa simu yangu, pamoja na tarehe ya programu kuwekwa. Kwa simu yangu hiyohiyo akafungua barua pepe mpya, nywila ndefu aliyoitunga mwenyewe, na majibu ya uongo kwenye maswali ya kurejesha akaunti. Picha zikatumwa huko, nikazifuta kwangu. Akachana risiti vipande vidogo. Nikasema kwa sauti, "Betri imechoka, mdogo wangu, nikiipata nitakupigia." Akajibu, kwa utulivu ulionishangaza, "Haya dada, nitasubiri."

Kumbe alijua kuitumia ile programu kuliko aliyeiweka. Siku ya kwenda kwa wakili aliiacha simu kazini, ndani ya droo, ikimwonyesha yuko mezani pake. Baada ya kuhama, polisi waliichukua kama kielelezo, ikiwa na programu yake mle ndani.

Alirudi kwangu na simu mpya, tuweke uthibitishaji wa hatua mbili. Nilipofika kwenye alama ya kidole akanishika mkono. "Hiyo hapana, dada. Weka namba. Ndefu."