Mpira, kasi na kile ambacho objekti haipaswi kukikumbuka

Klasi ya kwanza ya anayejifunza programu, yaani kiolezo cha kuundia vitu vya programu viitwavyo objekti, kwa kawaida haifanyi mengi. Ina jina, tungamo, kasi na kimo. Ina sehemu ya kuiandaa objekti na pengine methodi moja (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) ya kuchapisha taarifa zake. Ikifika zamu ya kuongeza fizikia, wengi hukimbilia fomula. Kwangu fomula ndiyo sehemu nyepesi, kwani zimo katika kila kitabu cha sekondari. Kinachonifanya nifikiri zaidi ni hiki: kipi objekti ikikumbuke, na kipi ikikokotoe pale tu inapoulizwa?

Tuchukue mpira wa kilo 0.5 unaokwenda mita 10 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni jouli 25. Anayeanza huikokotoa mara moja ndani ya `__init__`, ile sehemu ya kuandaa objekti katika lugha ya Python, na kuihifadhi kama sifa, `self.nishati`. Kisha kasi inabadilishwa kuwa 20. Nishati halisi sasa ni jouli 100, lakini objekti bado inajibu 25, tena bila ujumbe wowote wa kosa. Ndiyo maana naona sifa ziwe zile tu ambazo haziwezi kupatikana kutokana na nyingine: tungamo, kimo, kasi. Uzito, momenta (tungamo mara kasi) na nishati ziwe methodi. Python inaruhusu kuificha methodi nyuma ya `@property` ili iitwe bila mabano, ila kwa anayeanza ningeyaacha mabano yaonekane. Yanamkumbusha kwamba pana hesabu inafanyika.

Methodi hizo zirudishe jibu, zisilichapishe. Methodi ya nishati inayoishia kwa `print` huonekana inafanya kazi vizuri mpaka siku unapotaka kujumlisha nishati mwendo na nishati tuli (ile inayotokana na kimo). Hapo Python inakuta `None` mbili, yaani hakuna jibu lililorudishwa, na kugoma kuzijumlisha. Kuchapisha ni kazi ya yule anayeiita methodi.

Kuna mitego midogo ya lugha yenyewe. Katika Java, `1/2 * m * v * v` hutoa sifuri kila mara, kwa sababu 1/2 ni mgawanyo wa namba nzima, andika 0.5. Alama ya `^` si kipeo katika Java wala katika Python. Python hutumia `**`, na kwenye Java kuzidisha `v * v` kunatosha. Pembe nazo: `math.sin` inataka radiani. Mpira uliorushwa kwa mita 20 kwa sekunde na pembe ya nyuzi 30 unapaswa kupanda kwa mita 10 kwa sekunde, lakini ukiipa `math.sin` namba 30 ilivyo, unapata karibu -19.8, yaani mpira umeelekea ardhini tangu mwanzo. Ipitishe pembe kwenye `math.radians` kwanza.

Vipimo ndivyo hatari zaidi, maana namba haina lebo. Kasi ikija kwa kilomita kwa saa, igawanye kwa 3.6 inapoingia, si katikati ya kila methodi. Mwaka 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kwa sababu ya aina hiyo: programu moja ilitoa msukumo kwa pauni-sekunde, nyingine ikausoma kama nyutoni-sekunde, tofauti ya takriban mara 4.45. Ukiita sifa `kasi_mps`, jina ni refu lakini linajieleza.

Graviti iwekwe mahali pamoja tu, `G = 9.81`, na siku ukitaka Mwezi ubadilishe kuwa 1.62. Amua mapema kwamba juu ni chanya, G ibaki chanya, na alama ya kutoa iwe ndani ya fomula ya kasi pekee. Wengine huandika -9.81 halafu wakatoa tena, mpira unapaa.

Sasa methodi ya kusogeza mpira, ambayo ndiyo yenye utamu. Njia inayomjia mtu haraka ni kuongeza kimo kwa kasi mara muda, kisha kubadilisha kasi. Achia mpira kutoka mita 20, hatua za sekunde 0.1, sekunde 2. Kwa fomula, umeshuka mita 19.62. Kwa njia hiyo umeshuka 18.64 tu, kwa sababu kila hatua imetumia kasi ya zamani. Geuza mpangilio, kasi kwanza kisha kimo, nawe utapata 20.60. Kosa ni lilelile, limehamia upande wa pili. Ukipunguza hatua hadi 0.01, kosa linashuka hadi karibu sentimita 10. Lakini graviti ikiwa haibadiliki, wastani wa kasi mbili unatoa 19.62 kamili:

```
def songa(self, muda):
    kasi_mpya = self.kasi - G * muda
    self.kimo += (self.kasi + kasi_mpya) / 2 * muda
    self.kasi = kasi_mpya
```

Ukihifadhi `self.kasi` mpya kabla ya mstari wa kimo, wastani unakuwa wa kasi moja na nafsi yake, na umerudi kwenye 20.60. Kwa hiyo kile kigeu cha pembeni, `kasi_mpya`, si pambo.

Jaribio ninalolipenda ni la nishati. Mpira wa kilo 0.5 kwenye mita 20 una nishati tuli ya jouli 98.1, na jumla ya nishati mbili isibadilike katika kila hatua ya kuanguka. Usilinganishe kwa `==`; kompyuta inayosema 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004 haitakupa usawa huo. Tumia `math.isclose`, inayovumilia tofauti ndogo.

Jumla hiyo hufichua pia kasoro ya kudunda. Tuseme mpira unabaki na asilimia 80 ya kasi yake baada ya kugonga. Urefu wa kurudi ni 0.64 ya ule wa kwanza, yaani mita 12.8. Kwa hatua za 0.1, programu inagundua mgongano sekunde ya 2.1, mpira ukiwa tayari mita 1.63 chini ya ardhi na kasi ya -20.6. Ukirudisha kimo kuwa sifuri na kuizidisha kasi hiyo kwa -0.8, mpira utapanda hadi 13.84. Mita nzima imezuka bure. Dawa ni kuipata kwanza kasi ya usawa wa ardhi: chukua kasi kipeo cha pili, toa 2 mara G mara kina ulichozama, tafuta kipeuo cha pili, ndipo uzidishe kwa 0.8 na kuielekeza juu. Kimo cha kurudi kitakuwa 12.8, hata kwa hatua zilezile za 0.1.