Agosti iliyopungukiwa milimita 187

Ilikuwa mwaka 2016, Morogoro, upande wa kaskazini wa Uluguru. Tulikuwa na mvua ya kila mwezi ya kituo kimoja kuanzia 1981 hadi 2010: miaka 30 kwa safu mlalo, miezi 12 kwa safu wima, seli 360. Kwa R, lugha ya kompyuta ya hesabu za takwimu, tulitaka kujua kila mwezi ulizidi au ulipungukiwa milimita ngapi kuliko wastani wa mwezi huohuo, kisha tujumlishe mkengeuko wa mwaka mzima na kuchora grafu. Mzee aliyekuwa akisoma kipimamvua cha kituo hicho, kila siku saa tatu asubuhi, alikuja ofisini na madaftari yake ili tuhakiki tarakimu. Akapitisha kidole kwenye jedwali nililochapa, akasimama Agosti 2002. Hasi 187.2.

“Mwanangu,” akasema, “Agosti hapa kwetu mvua yake haifiki hata kumi. Itapungukaje mia na themanini na saba?”

Alikuwa sahihi kabisa. Mvua haishuki chini ya sifuri, kwa hiyo upungufu wa mwezi hauwezi kuuzidi wastani wa mwezi wenyewe. Wastani wa Agosti ulikuwa 9.6. Tarakimu yoyote ya Agosti iliyo chini ya hasi 9.6 ni kosa, na safu ile ilijaa tarakimu za namna hiyo.

Nilishuku kwanza usomaji wa faili, maana asubuhi hiyo ulikuwa umeshatusumbua. Katika miezi ya kiangazi, mwezi ambao yalidondoka manyunyu yasiyopimika ulikuwa umeandikwa TR badala ya namba. TR moja tu inatosha kuharibu safu nzima: wakati huo `read.csv`, amri ya R ya kusoma faili, iliigeuza safu yenye herufi kuwa `factor`, yaani orodha ya makundi yenye namba za siri nyuma yake. Ukiipitisha kwenye `data.matrix`, inayogeuza data kuwa matriksi, yaani jedwali la namba tupu, unapata zile namba za siri, siyo milimita. Dalili yake inaonekana kwa macho: Julai ilitoa namba nzima tupu, 1, 2, 3 na kuendelea, bila desimali hata moja, na mvua ya 10.4 ikapewa namba ndogo kuliko ya 2.1 kwa sababu makundi hupangwa kama maneno kwenye kamusi. Tuliirekebisha hivi, `d` ikiwa data iliyosomwa kutoka kwenye faili:

`x <- as.character(d$Jul)`
`x[x == "TR"] <- "0"`
`d$Jul <- as.numeric(x)`

Hiyo `as.character`, inayoirudisha safu kuwa maneno, hairukwi. Ukiita `as.numeric` moja kwa moja juu ya `factor` unarudishiwa zilezile namba za siri, tena kimyakimya. Toleo 4.0.0 la R la mwaka 2020 liliacha tabia ya kugeuza maneno kuwa `factor` wakati wa kusoma faili, lakini `data.matrix` bado huyapitisha maneno njia hiyohiyo, kwa hiyo mtego haujaondoka.

Kulikuwa pia na seli tatu zenye -99.9, alama ya siku za zamani ya data iliyokosekana. Mzee alikuwa na miezi hiyo mitatu kwenye daftari, tukaijaza. Baada ya hapo `str(d)` ilionyesha `num` kwenye safu zote, na `range(m)`, `m` ikiwa matriksi iliyotokana na `d`, ilianzia sifuri. Data ilikuwa safi. Kosa lilikuwa mbele zaidi.

Nikaitoa Agosti peke yake niitazame. `m[, "Ago"]` haikubaki matriksi, iligeuka vekta, yaani orodha moja ya namba isiyo na safu, na `apply`, amri ya kupiga hesabu safu kwa safu, ikakataa: `dim(X) must have a positive length`. Ukitaka safu moja ibaki na umbo lake, andika `m[, "Ago", drop = FALSE]`. Hili ni kosa dogo, nalo lina adabu ya kusimamisha kazi. Lililotuponza halikusimamisha chochote. Lilikuwa mstari huu, `k` ikiwa mikengeuko:

`k <- m - colMeans(m)`

Unausoma unaona sawa: matriksi toa wastani wa kila safu wima. R haifanyi hivyo. R huhifadhi matriksi kama uzi mmoja mrefu, ikishuka safu wima ya kwanza mpaka mwisho, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ukitoa vekta fupi, huirudiarudia kwa mpangilio huohuo wa kushuka. Kwa hiyo Januari 1981 ilitolewa wastani wa Januari, Januari 1982 ikatolewa wastani wa Februari, Januari 1983 wa Machi, hivyo hivyo. Agosti 2002 ni seli ya 232 kwenye uzi: safu saba za miaka 30 ni 210, ongeza mwaka wa 22. Gawanya 232 kwa 12, baki ni 4. Mwezi wa nne ni Aprili, kilele cha masika, wastani wake 191.4. Agosti ile ilipata milimita 4.2. Toa 191.4, hiyo hapo hasi 187.2.

Nikamwonyesha mzee kwenye karatasi, kwa matriksi ya seli sita: safu wima ya kwanza 1, 2, 3 na ya pili 4, 5, 6. Wastani ni 2 na 5. Jibu sahihi ni -1, 0, 1 kwa kila safu. Mstari wetu unatoa -1, -3, 1 na -1, 3, 1. Seli nne kati ya sita ni sahihi! Ndiyo maana ukikagua seli ya juu kushoto unaridhika.

Kwa nini R haikutoa onyo? Onyo huja pale urefu wa vekta usipogawanya idadi ya seli bila baki. Lakini idadi ya safu wima siku zote hugawanya idadi ya seli zote. Iwe miaka 30, 31 au 47, mara 12 ni kigawe cha 12. Kwa hiyo kosa hili haliwezi kutoa onyo kamwe. Na sisi tulikuwa na ukaguzi: `mean(k)` lazima iwe sifuri. Ilikuwa sifuri. Kila wastani ulikuwa umetolewa mara 30 barabara, ila umetolewa kwenye miezi isiyo yake, kwa hiyo jumla kuu haikuguswa. Zaidi ya hayo, siku chache kabla tulikuwa tumetumia `m - rowMeans(m)` na ikawa sahihi, kwa sababu wastani wa safu mlalo unaenda sambamba na ule mwendo wa kushuka. Tukadhani mambo ni yaleyale upande wa pili.

Kilichonitisha zaidi ni grafu ya mwaka mzima. Miaka ni 30, na 30 ukigawanya kwa 12 inabaki 6, kwa hiyo kila safu wima ilianza miezi sita mbele ya iliyotangulia. Matokeo yake, kila mwaka ulitolewa wastani wa miezi miwili tu, kila mmoja mara sita. Mwaka 2002 ulitolewa Aprili mara sita na Oktoba, yenye wastani wa 38.6, mara sita: jumla 1,380, wakati wastani halisi wa mwaka ni 870. Jozi hiyo ya Aprili na Oktoba ilirudi kila baada ya miaka sita: 1984, 1990, 1996, 2002, 2008. Grafu ikaonyesha mashimo matano yaliyopangwa kama nguzo za uzio, na rasimu ya ripoti ilikuwa tayari na aya inayozungumzia ukame wa kila miaka sita. Mkulima angeambiwa ajiandae kwa njaa iliyotengenezwa na alama ya kutoa.

Dawa ni mstari mmoja:

`k <- sweep(m, 2, colMeans(m))`

Ile 2 inaiambia R ifuate safu wima. 1 ni safu mlalo. `scale(m, scale = FALSE)` inafika hapohapo. Napendelea `sweep` kwa sababu mtu mwingine akisoma anaona upande uliokusudiwa, na vekta ikizidi urefu inaonya. Ukaguzi nao tukaubadilisha: siyo `mean(k)`, bali `round(colMeans(k), 8)`, na sifuri zitimie zote 12. Kwenye matriksi mbovu safu ya Agosti ilikuwa imetoa hasi 50 na ushei. Tukaongeza wa pili, uliotoka moja kwa moja kwenye swali la mzee: `all(sweep(k, 2, colMeans(m), "+") >= -1e-8)`, yaani ukirudisha wastani, mwezi wowote usiwe na mvua hasi. Jedwali la kwanza lingeanguka hapo papo hapo.

Grafu mpya ilitoka bila yale mashimo. Mwaka 2002, uliokuwa na hasi 475, ukawa na chanya 35. Mzee akafungua daftari ukurasa wa Agosti 2002, akajumlisha siku zake kwa kalamu mpaka 4.2, akatoa 9.6, akaangalia jedwali: hasi 5.4. Kisha akaanza upya kuanzia Januari 1981, mwezi kwa mwezi.