Siku moja na wanajiolojia, kuanzia kivukoni Likoni

Saa 11 alfajiri. Adhana imekwisha, nami niko mezani naujaribu msimbo wa leo kwenye kompyuta kongwe kuliko zote nilizo nazo, maana darasani zitakuja kama hiyo. Wanafunzi wangu ni wanajiolojia 12, wengine wameshika nyundo ya mawe tangu sijaanza shule. Mawe wanayajua. Ninachowapa ni Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na namna ya kusoma nayo namba za jiokemia, yaani kemia ya mawe na udongo, zinazotoka maabara.

Saa 1 asubuhi. Feri, watu tele, jua tayari linachoma. Ng'ambo nachukua tuktuk hadi Tudor, mahamri na mbaazi mkononi.

Saa 3. Kila tunachotumia ni programu huria: pandas ya kusomea majedwali, pyrolite iliyotengenezwa mahsusi kwa jiokemia. Hakuna leseni ya kulipia, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Nimewahi kufanya kazi mahali ambapo leseni iliisha, data za miaka mingi zikabaki ndani ya faili asizoweza kuzifungua mtu. Uchungu ule ninao hadi leo. Programu nimezileta kwenye flashi, kwani watu 12 wakipakua kwa pamoja intaneti inalala.

Saa 4 unusu. Mzee mmoja wa Voi ameniita. "Mwalimu, mashine yako inanigombeza." Kioo kimejaa maandishi mekundu: ameomba wastani wa dhahabu katika sampuli zake za udongo, Python imekataa. Tukainama sote wawili tukaikagua safu. 41, 12, kisha "<5", 28, tena "<5". Alama hiyo maana yake dhahabu ni chini ya sehemu 5 kwa bilioni, kikomo ambacho chini yake maabara haikuweza kuipima. Kwa kompyuta hiyo si namba, ni maandishi.

Excel ikikuta maandishi kwenye wastani huyaruka kimya kimya. Mzee alikuwa na sampuli 10, na 4 zina alama ile. Excel ilimpa 30, kwa kuwa ilichukua jumla ya 180 ikaigawa kwa 6 tu. Tulipoweka nusu ya kikomo, yaani 2.5, tukagawa kwa 10, ikatoka 19. Sampuli maskini ndizo zilizoachwa nje, na udongo ukaonekana tajiri.

Alinyamaza kitambo. "Mwanangu, nimeandika ripoti ngapi kwa namna hii?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba hata hiyo nusu ya kikomo ni makadirio tu, njia bora zaidi zipo. Lakini kwenye msimbo imeandikwa wazi, mstari wa 7, na atakayekuja baada yetu ataiona na kuipinga akitaka. Kwa ajili ya mstari huo mmoja mimi naifundisha kazi hii.

Saa 7. Swala, wali wa nazi, samaki wa kupaka.

Saa 8 mchana. Elementi adimu za ardhini, lile kundi la metali zinazofanana tabia. Hapa Pwani hazihitaji utangulizi. Kilima cha Mrima kule Kwale, chenye elementi hizo pamoja na metali ya niobiamu, kila mtu anakijua. Nawaacha kwanza wachore namba kama zilivyo. Mchoro unatoka meno ya msumeno, kwani elementi yenye namba shufwa ya atomu huwa nyingi kuliko jirani zake wenye namba witiri: seriamu, ya 58, iko juu, lanthanamu na praseodimiamu, 57 na 59, ziko chini. Hiyo ni tabia ya maumbile, hata si ya jiwe lenyewe. Kisha kila namba tunaigawa kwa kiasi kilichomo katika vimondo vya kondraiti, mawe ya kale kutoka angani yenye meno yaleyale, kwa viwango vya McDonough na Sun vya 1995. Meno yanalainika, mstari unateremka taratibu. Darasa zima huinua kichwa wakati huo.

Dada mmoja akauliza, "Mbona seriamu yangu imeruka juu?" Nikamweleza kwamba mwamba ukioza penye hewa, seriamu inaweza kupoteza elektroni moja zaidi ya wenzake, ikawa ngumu kuyeyuka, ikabaki pale wenzake wanapochukuliwa na maji. Akautazama mchoro. "Basi hii huenda ni ile tuliyoichimba karibu na uso." Akafungua daftari lake la nyikani kuhakikisha. Kweli, ya karibu na uso.

Saa 10. Stima ikapotea, kompyuta tatu zikazima. Tukahamia ubaoni kwenye somo la asilimia, ambalo mwanatakwimu John Aitchison alilishughulikia mwaka 1982. Nikachora sinia la wali: mmoja akimega kikubwa, wenzake wanapungukiwa hata kama hawajamkosea. Na kwenye jiwe ni vivyo hivyo: asilimia ya silika ikipanda, jumla ya nyingine lazima ishuke, kwa sababu zote pamoja ni 100. Ndiyo maana tunatumia logi za uwiano: unagawa kiasi kimoja kwa kingine, kisha unachukua logariti ya jibu.

Saa 2 usiku. Nimevuka, niko nyumbani. Mzee wa Voi ametuma ujumbe: amefungua jedwali jingine la zamani, safu tatu zina alama ileile. "Kesho tuanze na hili?"

Nimemjibu aje nalo saa 2, kabla wenzake hawajafika.