Ninavyopanga usalama wangu kabla ya kwenda nyanjani

Kabla ya kwenda nyanjani, yaani mahali pa kukusanya data, fomu za kamati ya maadili ya utafiti huuliza mengi kuhusu usalama wa wahojiwa. Mtafiti huachiwa mistari michache. Kwa hiyo huandika mpango wangu mwenyewe, nikianza na swali moja: watakaoniona mara ya kwanza watadhani mimi ni nani? Mwanamke aliye peke yake hutongozwa na kufuatwa hadi mlangoni. Mwanamume anayeulizauliza hushukiwa upelelezi, au hutakiwa aoneshe urafiki kwa kulewa na wenzake. Jina la ukoo nalo hutaja kabila au dini kabla hujafungua mdomo. Anayependa watu wa jinsia yake asome sheria za nchi kabla ya kukata tiketi, na afute simuni yote yanayoweza kumfichua.

Hatari inayosahauliwa zaidi ni mwenyeji anayekutambulisha. Ukimkatalia anachokitaka kwako, anaweza kukufungia milango yote, na yeye analijua hilo. Ndiyo maana hutafuta wenyeji wawili wasiotegemeana, na silali kwa yeyote kati yao. Chumba silipii kabla ya kujaribu komeo kwa ndani. Nauli ya kurudi hukaa mbali na pochi.

Kuhusu ndoa, wengi hushauri pete ya uongo. Mimi siivai: ukikaa miezi sita, huyo mume wa kubuni atatakiwa aje kusalimia, na uongo ukifichuka unaangusha imani yote uliyojenga.

Saa 12 jioni humtumia ujumbe mtu niliyemwacha nyumbani. Dakika 30 zikipita kimya, yeye hunipigia simu. Baada ya saa mbili humtafuta mwenyeji wa pili. “Niko salama” haitoshi, kwani yeyote aliyeshika simu yangu anaweza kuiandika. Mimi huulizwa daftari langu limefika ukurasa wa ngapi: namba shufwa, niko salama, witiri, nitoeni hapa. Siku zisizo na mtandao huzitaja mapema. Nisipofanya hivyo, walio nyumbani huzoea ukimya, na siku ya shida hakuna atakayeshtuka.

Msimamizi wa utafiti asiwe mtu pekee wa kuripotiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la PLOS ONE, watu 666 wa kazi za nyanjani walijibu, na asilimia 64 walisema wamewahi kunyanyaswa kijinsia. Kwa wanawake wanafunzi, mara nyingi mnyanyasaji alikuwa mkubwa wao ndani ya timu.

Kila tukio huliandika usiku uleule katika daftari la pembeni: tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa. Mipaka ya kuondoka huiandika kabla ya safari, maana ukishafika utaanza kujiambia uvumilie kidogo kwa ajili ya data. Wangu mmoja husomeka hivi: mlango ukigongwa usiku mara ya pili, kesho asubuhi nahama.